Nilivyomdandia Mama Mkwe Pangoni

Kwetu Bungoma, mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono. Wakikutana njiani, mmoja huchepuka. Kwa hiyo siku ya kuwatembeza wazazi wa mke wangu Mlima Elgon, viti vya gari nilivipanga mwenyewe: mama mkwe nyuma kabisa, mimi mbele na dereva, katikati mashemeji wa kutosha kujenga ukuta.

Mambo yalikwenda salama hadi pango la Kitum. Askari aliyetuongoza alitueleza kwamba ndovu huingia humo usiku kutafuta chumvi. Gizani hupapasa njia kwa mkonga, kisha huchokonoa mwamba kwa pembe, wakatafuna vipande. Akamulika ukutani. Michubuko ya pembe ilijaa, mingine juu ya kichwa changu.

"Huja usiku tu?" nikauliza.

"Mara nyingi."

Hiyo "mara nyingi" haikunipendeza hata kidogo.

Pango linaingia ndani kama mita 200, na juu popo walikuwa wakipiga kelele. Simu yangu ikaisha chaji. Askari naye akakata kona na tochi yake, mashemeji wakamfuata mbio. Giza totoro. Mara kitu chenye manyoya makavu kikanipapasa shingo, polepole, kutoka sikio hili hadi lile.

Nilipiga yowe, nikamrukia mtu aliyekuwa mbele yangu. Mikono shingoni, miguu kiunoni. Naye akapiga yowe, na sauti ile niliijua.

Tochi ikarudi mbio. Nilikuwa mgongoni mwa mama mkwe. Nyuma yetu baba mkwe kasimama, usinga juu, anafukuza popo.

Nikashuka taratibu kama abiria wa bodaboda asiye na nauli. Mke wangu alikuwa ameuma leso, mabega yanamtikisika.

"Baba," mzee akaniambia, "huyo ni mbuzi mmoja."

"Wawili," mama mkwe akasema huku akijifunga leso upya. Tangu harusi, hilo ndilo neno la kwanza alilotamka kunihusu nikiwapo.

Tuliporudi lango la Chorlim, tulikuta nyani kaingia kupitia dirisha ambalo mzee aliliacha wazi, eti gari lipate hewa. Kakalia kiti changu, anamalizia kuku wa safari. Mzee akamtazama nyani, akanitazama mimi.

"Na kuku," akasema.