UConn walitetea kombe kwa kurithishana kazi

Mwanamichezo wa chuo Marekani akiwa bora sana, anaondoka kwenda NBA, ligi ya kulipwa. Ndiyo maana kutetea ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo ni kazi ngumu kuliko kuuchukua. Kabla ya Connecticut, au UConn kama wanavyoitwa, timu ya mwisho ya wanaume kufanikiwa ilikuwa Florida, mwaka 2007. Florida wale walirudi na wachezaji wote watano wa kuanza. UConn hawakuwa na bahati hiyo.

Baada ya kuwafunga San Diego State 76-59 katika fainali ya 2023, watatu walienda NBA: senta Adama Sanogo, mtupaji Jordan Hawkins na mkabaji Andre Jackson. Wengi waliona kikosi kimepasuka. Mimi naona kocha Dan Hurley aliyatazama mapengo yale kama orodha ya kazi, akatafuta mtu wa kila kazi. Nafasi ya Sanogo ilishikwa na Donovan Clingan, senta mrefu aliyekuwa msaidizi wake mwaka uliotangulia, kwa hiyo mfumo alikuwa anaujua tayari. Hawkins alikuwa mtu wa kukimbia kuzunguka vizuizi, yaani wenzake waliosimama kumzuia mkabaji, na kutupa pointi tatu bila kudunda mpira. Cam Spencer akatolewa chuo cha Rutgers kuifanya kazi ileile. Jackson alikuwa anapewa mpinzani hatari zaidi amkabe. Kazi hiyo ikaenda kwa Stephon Castle, kijana wa mwaka wa kwanza. Tristen Newton na Alex Karaban walibaki. Wanne kati ya hao watano waliweza kutoa pasi ya mwisho, na hapo ndipo shambulizi lao lilipokuwa chungu: ukimbana mwenye mpira, kuna mtu nyuma ya kizuizi ameshaachwa huru.

Msimu wenyewe haukuwa mteremko. Castle aliumia goti mapema. Desemba, Clingan aliumia mguu usiku ambao Seton Hall waliwafunga 75-60, na Samson Johnson, mzaliwa wa Togo, akalazimika kubeba eneo la chini ya kikapu. Kansas walikuwa wameshawafunga mapema mwezi huo, kisha Creighton wakawapiga 85-66 mwezi Februari. Hizo zilikuwa mechi tatu pekee walizopoteza. Baada ya Creighton hawakupoteza tena, wakamaliza na ushindi 37.

Mechi mbili za Machi na Aprili 2024 zinastahili kusomwa na kocha yeyote. Dhidi ya Illinois matokeo yalikuwa 23-23, kisha UConn wakafunga pointi 30 mfululizo bila kujibiwa. Illinois walijaribu kumwingilia Clingan kikapuni tena na tena. Mitupo 19 aliyoipinga, hakuna hata mmoja ulioingia. Kosa lao lilikuwa ukaidi: senta aliyesimama chini ya kikapu hutolewa kwa kumvuta nje, na hawakufanya hivyo vya kutosha.

Kwenye fainali ikawa zamu ya Purdue, na hapa Hurley alifanya uamuzi ninaouheshimu kuliko wote. Zach Edey, senta wa Purdue, ni mkubwa mno, na desturi ni kumzingira kwa watu wawili. Lakini ukimzingira, anarudisha mpira nje kwa watupaji, na Purdue walikuwa miongoni mwa timu hodari zaidi za pointi tatu nchini. UConn wakamwachia Clingan amkabe peke yake, wengine wakaganda kwa watu wao. Edey alifunga 37. Purdue nzima ilitupa pointi tatu mara saba tu, ikapata moja. Mechi ikaisha 75-60.

Mwaka wa tatu uliwashinda kwa sababu urithi ulikatika. Castle, Clingan, Newton na Spencer waliondoka pamoja. Kufunga hakukuwa tatizo kubwa; Liam McNeeley na Solo Ball walifunga. Kilichokosekana ni Castle. Mkabaji wa mbele akipitwa, senta anachelewa kuja kusaidia, na anayechelewa hugusa mkono badala ya mpira. Chuoni makosa matano yanakutoa uwanjani, na Johnson alikuwa akiyajaza haraka. Novemba 2024, kisiwani Maui, Hawaii, walipoteza mechi tatu kwa siku tatu: Memphis 99-97 baada ya muda wa nyongeza, Colorado 73-72, Dayton 85-67. Katika ile ya Memphis, kocha mwenyewe alipewa kosa la kiufundi, yaani la utovu wa nidhamu, ndani ya dakika za nyongeza, na mitupo huru ikawapa wapinzani pointi katika mechi iliyoamuliwa kwa mbili. Hilo halina utetezi.

Hata hivyo, Machi 2025 waliingia kwenye mashindano ya kombe wakiwa wamepangwa nafasi ya nane ya kanda yao, wakawatoa Oklahoma, na wakawaongoza Florida hadi dakika za mwisho kabla Walter Clayton hajawaadhibu kwa pointi tatu. 77-75. Florida haohao ndio waliolichukua kombe.