Herufi Z Iko Ghorofani

Tarehe 9 Agosti 2022, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, tulimpandisha shangazi yangu ngazi 22 za shule akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Tulikuwa vijana wanne, kila mmoja na mguu wake wa kiti. Shangazi alikuwa amejifunga leso juu ya buibui lisije likampanda, kitambulisho kakifunga fundo kwenye pembe ya leso, na mkono mmoja kaning'ang'ania bega mpaka alama za kucha zikabaki. Tulipofika pale ngazi zinapopinda, kiti kikakataa kugeuka. Ikabidi tumwinamishe. Hapo akafumba macho akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti, na watu waliokuwa wakishuka wakajibana ukutani kutupisha.

Chumba chake cha kupigia kura kilikuwa juu kwa sababu moja tu: jina lake linaanza kwa Z. Wapiga kura wa shule ile waligawanywa kwa herufi, karatasi zikabandikwa milangoni. Kina Abdalla na kina Amina wakapata madarasa ya chini, kina Zuhura na kina Zuberi wakapelekwa ghorofani. Huko juu karani alimtanguliza mara tu alipomwona, wala hakusimama kwenye laini. Nilimshukuru yule dada na bado namshukuru. Lakini kumtanguliza mtu kunamfaa akishaufikia mlango, na shangazi mlango aliufikia kwa mabega ya watu.

Tuliposhuka ndipo nikaona kilichoniuma zaidi. Darasa la mwisho la chini lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Nikachungulia dirishani: madawati yaliyotolewa kwenye vyumba vingine yamerundikwa humo mpaka karibu na dari. Madawati yalipata chumba cha chini.

Watu wa Mombasa mtakumbuka kwamba siku ile hatukumchagua gavana. Karatasi za kura zilichanganywa, uchaguzi ukasogezwa, na mwishowe tukarudi vituoni Jumatatu ya tarehe 29 Agosti. Nilimpitia shangazi asubuhi na tuktuk. Nikamkuta barazani na kikombe chake cha kahawa. Akaniambia, "Mwanangu, nenda wewe. Mimi sibebwi tena." Nilimbembeleza mpaka dereva akaanza kulalamika. Hakwenda.

Mtu huyu amepiga kura tangu kabla ya uchaguzi wa vyama vingi kurudi mwaka 1992. Kabla ya hapo hakuwahi kubaki nyumbani siku ya uchaguzi, hata mwaka aliokuwa eda. Kilichomshinda hakikuwa uvivu wala kukata tamaa na wanasiasa. Zilimshinda ngazi 22.

Katiba yetu ya 2010 haikunyamaza juu ya jambo hili. Ibara ya 82 inataka upigaji kura uwe rahisi na uzingatie mahitaji ya watu wenye ulemavu na wengine wenye mahitaji maalumu. Ibara ya 83 inasema mipango ya uandikishaji na uchaguzi iwe ya kumrahisishia mwananchi haki yake ya kupiga kura, isimnyime. Mimi si wakili, lakini sioni namna ya kuyasoma maneno hayo nikaishia na bibi mwenye magoti mabovu kupelekwa ghorofani kwa ajili ya herufi.

Ninavyoona mimi, kituo huchaguliwa kwa kuuliza maswali ya upande wa wenye kazi. Vyumba vipo? Gari la vifaa litaingia? Askari atakaa wapi? Ni maswali ya haki kabisa. Halafu kuna hesabu ya watu: katika chaguzi za 2017 na 2022 chumba kimoja hakikupaswa kuzidi wapiga kura 700. Hata hiyo ukiikalia chini utaona inavyobana. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, yaani dakika 660, na kila mtu ana karatasi sita za kutia alama. Wote wakijitokeza, hakuna hata dakika moja ya kumtambua kila mmoja. Ndiyo laini inatoka nje, inapita uwanjani, inafika kwenye geti, na jua la saa sita halina huruma. Kama uwanja una mwarobaini mmoja, kivuli chake kinatosha watu ishirini.

Swali linalokosekana ni hili: mtu anatokaje nyumbani kwake mpaka kwenye sanduku la kura? Mji wetu haupimwi kwa rula. Kwenye ramani Mtongwe na bandari ya Kilindini zimetazamana karibu kabisa, ila katikati kuna maji. Mikindani na Tudor pia ni majirani wa kuonana tu. Wodi ya Mwakirunge kule Kisauni ni pana, nyumba zimetawanyika, na nauli ya boda kwenda na kurudi ni pesa ya unga. Na viwanja vya shule nyingi za upande wa Bamburi na Shanzu ni mchanga mtupu. Nilishawahi kusukuma kiti cha magurudumu kwenye mchanga wa aina hiyo: magurudumu ya mbele yanazama, unakigeuza, unakivuta kinyumenyume, na aliyekaa anatazama kule alikotoka badala ya anakokwenda.

Kwa hiyo nataka wanaochagua vituo watembee. Waanze kwenye nyumba ya mbali zaidi ya mtaa, wafuatane na mzee mmoja, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na mtu mmoja wa kiti cha magurudumu, waende mpaka mlango wa darasa. Wasiende na gari la ofisi. Wanaoitwa kwenye mikutano ya kutoa maoni aghalabu ni watu wa vyama, na hao miguu yao ni mizima.

Tiba yenyewe haihitaji fedha nyingi. Vyumba vya chini vitumike vyote kwanza, madawati ndiyo yapande juu. Pasipo na budi kutumia ghorofa, herufi zipangwe upya au kiwekwe chumba kimoja cha chini kwa wasioweza kupanda, bila kujali jina. Najua daftari na vifaa vya kumtambua mpiga kura vimefungwa kwa chumba chake, lakini hayo hupangwa miezi kabla, si asubuhi ile. Na vyumba vya chini visipotosha, turubai zipo. Vituo vya hema vimetumika kwingine nchini. Sisi hapa tunajua kufunga turubai barabarani kwa harusi na kwa matanga, viti mia mbili na taa juu, kabla adhana ya alasiri haijaadhiniwa. Nakubali kwamba kura huhesabiwa palepale usiku, na hema halina mlango wa kufunga. Basi hema liwe la mwisho, lakini lijaribiwe kabla ya ngazi.

Wapo wanaoniambia dawa ni kumhamisha tu shangazi, akaandikishwe shule nyingine isiyo na ghorofa, na sheria inaruhusu kuhamisha kituo. Nimemwuliza. Hataki, naye ana haki. Shule ile iko hatua chache kutoka mlangoni kwake, anaijua tangu haijajengwa hiyo ghorofa, na jirani zake wote hupiga kura hapo. Kuhamisha watu ovyo nako kuna madhara yake: kila uchaguzi nakuta mtu ametangatanga asubuhi nzima kwa kuwa jina lake liko shule ya pili. Nataka Z ishuke chini. Yeye abaki alipo.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Nimeandika barua kwa ofisi ya uchaguzi ya jimbo letu, nimeeleza idadi ya ngazi, upana wa pale ngazi zinapopinda na lile darasa la kufuli. Nimemsomea shangazi kabla ya kuipeleka. Akaniambia niongeze kwamba mwenzake wa nyumba ya tatu, naye wa herufi ya Y, hakwenda kabisa hata mara ya kwanza. Nimeongeza.