Mji Mkongwe: nyumba hupona, wakaazi huondoka

Mabishano kuhusu Mji Mkongwe wa Zanzibar yana kambi mbili. Moja inasema hoteli ndizo zilizouokoa mji, kwamba bila fedha za wageni nusu ya mtaa wake wa Shangani ingekuwa vifusi. Nyingine inasema hoteli ndizo zinazoumaliza, kwa kuwa mtaa ukishahamwa na wenyewe hauna tena cha kuhifadhi ila mawe. Kila kambi ina haki kuliko mwenzake anavyokubali. Lakini zote mbili zinaanzia kwenye hoteli, na mimi naona tatizo lilianzia kwenye paa.

Nyumba hizi, nyingi zikiwa za karne ya 19, baada ya Sultani Seyyid Said wa Oman kuhamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Ujenzi wa namna hii hudumu maadamu maji hayaingii. Paa likivuja, chokaa hulainika, ncha za boriti zilizozama ukutani huoza, sakafu hulegea, na ukuta ulioshikwa na sakafu ile huanza kutoka nje. Anayekimbilia kupiga plasta ya saruji huongeza ubaya, maana saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta uliozoea kupumua.

Sasa, paa hilo ni la nani? Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye majumba wengi waliondoka. Serikali ikazichukua nyumba zao na kuwapa makaazi watu wa Ng'ambo (mitaa ya upande wa pili wa mkondo wa Darajani), mashamba na Pemba kwa kodi ndogo ya pango. Siwezi kuilaumu hatua hiyo. Watu waliokuwa wakiyaona majumba haya kutoka ng'ambo ya mkondo huo walipata pa kuishi. Lakini nyumba ya ukoo mmoja ikagawanywa kwa familia kadhaa, kila moja ikatunza chumba chake, na ngazi, ua na paa vikabaki bila mwenyewe. Kodi haikutosha kununua chokaa, sembuse boriti. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji ya Mji Mkongwe ilipoundwa mwaka 1985, nyumba kadhaa zilikuwa zimeshaanguka.

Hapo ndipo watetezi wa hoteli wanapokuwa na ushahidi. Walionunua magofu waliyasimamisha. Mafundi wa chokaa na wachongaji wa milango wakapata kazi na wanafunzi. Wala kubaki mikononi mwa umma si kinga: jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, lilikuwa mali ya Serikali, na sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa.

Hata hivyo, hoteli nayo ina uzito wake, na nasema uzito kwa maana zote. Kila chumba hutaka choo na bafu lake, juu ya sakafu za boriti ambazo hazikujengwa kubeba maji. Mwenye mali hutaka ghorofa ya ziada. Pale Mambo Msiige, jumba la kale la ufukweni, hoteli iliyojengwa ilikuwa kubwa kiasi cha kuitia wasiwasi Kamati ya Urithi wa Dunia, ambayo iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha yake mwaka 2000.

Hasara nyingine haionekani kwenye ramani. Nyumba ikiwa ya wageni, baraza yake haina wa kukaa. Msikiti hupoteza safu, chuo cha Kurani hupoteza watoto, muuza mkate hana wa kumfungulia mlango alfajiri. Masharti ya hifadhi hushughulikia milango, madirisha, roshani na urefu wa jengo. Yote ni ya lazima. Ila kuhusu nani anaishi ndani, hayana meno, na hilo kwangu ndilo pengo kubwa kuliko yote.

Ningeanzia kwenye nyumba za wakf, ambazo Mji Mkongwe unazo nyingi. Waliozitoa walikusudia zinufaishe jamaa zao, misikiti na maskini, na kwa kuwa wakf hauuzwi, tajiri hawezi kuzinunua. Udhaifu wake ni uleule wa kodi isiyotosha matengenezo. Sehemu ya mapato ya utalii ingewekwa kando kwa ajili ya mapaa ya nyumba hizi, pamoja na zile za Serikali zenye wapangaji.

Wenye hoteli watasema tayari wanalipa kodi nyingi, na malalamiko hayo hayafai kupuuzwa. Ndiyo maana fedha hizo zitoke katika tozo zilizopo badala ya kubuni nyingine. Wapangaji nao wana hofu kwamba nyumba ikishatengenezwa kodi itapanda na wao watafuata njia ya Ng'ambo. Hofu hiyo naiona nzito zaidi, kwa sababu mpangaji hana pengine pa kukimbilia. Basi kiwango cha kodi na haki ya kubaki viandikwe na kutiwa saini kabla fundi hajapanda juu, na kazi ianze na mapaa yanayovuja, kabla ya kuta zinazotazama barabara ya watalii.