Risasi ya Watson inatembea

Jamani, nimemaliza hadithi zote 60 za Sherlock Holmes na nina kinyongo. Mwanzoni nilikuwa silali. Mwaka 1893 mwandishi wake, Conan Doyle, aliyekwisha kumchoka mpelelezi huyo, akamtosa kwenye maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi. Wasomaji wakapiga kelele, na mwaka 1903 akamrudisha: eti hakuanguka, alijificha tu! Miaka mitatu rafiki yake Watson anaomboleza, halafu bwana mkubwa anamtokea kajifanya muuza vitabu kizee. Watson wa watu akazimia. Haya, hiyo nilimeza.

Hadithi ya mwaka 1923 ndiyo imenikwama kooni. Profesa mzima, kisa uchumba na binti mdogo, anajidunga dawa iliyotokana na kima ili arudie ujana, kisha usiku anaparamia kuta. Huu ni upelelezi kweli, au ngano za kuwalaza watoto?

Na lile jeraha la risasi la Watson? Riwaya ya kwanza liko begani, ya pili limeshuka mguuni. Mimi niliyesoma kwa tochi ya simu nakumbuka, mwenye kuandika kasahau!

Juzi nimeanza kuzisoma upya. Msiniulize.