Barabara ya Zamani Ndiyo Ichague Gari

Kwa wastaafu wengi wa hapa Marekani, wakiwemo wenzetu waliotoka Afrika Mashariki miaka mingi iliyopita, kuzunguka nchi kwa RV, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, ni ndoto ya uzeeni. Sina ugomvi na ndoto hiyo, maana mimi na mwenzangu nasi tumeionja. Ninachopinga ni kuchagua gari kwa kutazama sofa na ukubwa wa friji, ilhali nia ya safari ni kurudi milimani, kulekule tulikokwenda na watoto enzi za gari dogo na hema.

Chukua Hifadhi ya Taifa ya Glacier, jimboni Montana. Barabara inayoikatiza, Going-to-the-Sun, ilizinduliwa mwaka 1933, ina urefu wa kilomita 80 hivi, na hupanda hadi Logan Pass, pito la juu kabisa la barabara hiyo, takriban mita 2,026 juu ya usawa wa bahari. Ilichongwa ubavuni mwa mlima kwa ajili ya magari ya wakati ule: upande huu mwamba, upande ule ukuta mfupi wa mawe, kisha korongo. Ndiyo maana gari linalozidi futi 21, yaani mita 6.4 kutoka bampa hadi bampa, haliruhusiwi kupita kati ya kambi ya Avalanche na eneo la Rising Sun, na upana wake pamoja na vioo vya pembeni hautakiwi kuzidi futi 8. Hata kimo kina taabu yake, kwani gari lenye zaidi ya futi 10 linaweza kusumbuliwa na miamba iliyoning'inia juu ya barabara wakati wa kuteremka kuelekea magharibi. Muuzaji mmoja aliyetuonyesha gari lililozidi vipimo hivyo vyote alikuwa na maelezo marefu kuhusu televisheni. Tulipomwuliza habari za barabara za milimani, alirudi kwenye televisheni.

Tukakodi gari fupi, ambalo meza yake hushushwa usiku ikawa kitanda, na mtu mmoja akisimama kupika chai, mwingine hana budi kuketi. Tulipokaribia ile kona kali iitwayo The Loop, mwenzangu akasema, "Mzee, simama hapo mbele, ndipo alipotapika kitindamimba wetu." Nikaegesha, tukashuka, tukacheka mpaka watalii wengine wakatugeukia. Kumbukumbu ya namna hiyo haina kibao wala alama kwenye ramani, na huwezi kumwomba dereva wa basi asimame kwa ajili yake.

Nasema hivyo nikijua kwamba wapo wanaoacha RV zao kambini na kupanda yale mabasi mekundu ya miaka ya 1930, ambayo paa lake la turubai hufunguliwa ili abiria waone vilele. Ni mabasi mazuri, na mzee ambaye macho au magoti yamechoka ayapande bila aibu. Lakini hayo yanakupeleka kuuona mlima. Hayakurudishi kwenye safari yako mwenyewe.

Wanaoahirisha nao wajue kwamba mahali penyewe panabadilika. Mwaka 1966 hifadhi hiyo ilikuwa na barafuto (mito ya barafu ya milimani) 35 zenye majina, na kufikia 2015 ni 26 tu zilizobaki na ukubwa wa kutosha kuhesabiwa. Kiingilio si kisingizio, kwa kuwa raia au mkazi wa kudumu aliyetimiza miaka 62 hulipa dola 80 mara moja, akapata kadi ya kuingilia hifadhi za taifa maisha yake yote.

Kwa maoni yangu, hata kununua si lazima. Kwa kawaida njia ya Logan Pass hufunguliwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kutegemea theluji, na hufungwa tena mnamo Oktoba. Miezi iliyobaki, gari la kukodi linakuwa shida ya aliyekukodisha, wakati lile la kununua linakaa uani kwako likidai bima.