Bei ikikosewa na mfumo, msimkate keshia

Maduka mengi hapa Tanga, Ngamiani hata Makorora, sasa yana skana na kompyuta kaunta, na mimi nafurahi. Ninachokipinga kwa moyo wote ni desturi iliyokuja nayo: hesabu isipokaa sawa anabanwa keshia, na shoti, yaani pesa iliyopungua, inakatwa kwenye mshahara wake. Bosi anasema mfumo haukosei. Unakosea sana, tena kwa kurudiarudia, na ndiyo maana unakamatika.

Wapo makeshia wanaopitisha mzigo bila kuuskani, sikatai. Lakini hapo mzigo wenyewe utapungua kwenye stoku. Kama mzigo uliobaki rafuni unalingana na kumbukumbu, na pesa ya droo inalingana na risiti, ila mauzo hayafiki pale yalipopaswa kufika, basi kilichopotoka ni bei. Kusanya risiti zenye kasoro uzitandaze mezani. Tazama saa, kaunta, bidhaa, mteja. Kosa likitoka kaunta moja tu, huenda umeme au mtandao ulikatika bei mpya zilipokuwa zikitumwa, na kompyuta ile imebaki na bei za zamani. Likiwafuata wateja fulani, angalia kama wamesajiliwa kwa bei ya jumla. Ofa iliyokwisha ikiendelea kukata bei, angalia tarehe ya kompyuta.

Linaloumiza zaidi ni la mizani. Lebo ya bidhaa za kupima huwa na msimbopau (ile mistari inayoskaniwa, yenye namba chini yake) unaoanza na 2, na ndani yake kuna namba ya bidhaa, kisha uzito au bei, kutegemea mizani ilivyopangwa. Chukua mchele wa shilingi 3,000 kwa kilo. Mteja amepimiwa kilo moja na robo, lebo ikabeba 01250, yaani gramu. Kompyuta ikiwa imepangwa kusoma bei, itauza kwa shilingi 1,250 badala ya 3,750. Keshia ameskani kama alivyofundishwa, risiti imetoka, na duka limepoteza 2,500 kwa mfuko mmoja. Atajuaje, na foleni iko mlangoni?

Mteja naye huumia. Bei ya 11,800 ambayo tayari ina VAT ya asilimia 18, mfumo ukiiongezea tena kodi, inakuwa 13,924. Anayetukanwa ni yule yule binti wa kaunta.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata hasara kienyeji. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sasa utathibitishaje kosa lake wakati duka zima linatumia nenosiri moja, na bei inabadilishwa na yeyote aliyekaa ofisini?

Mabosi wangu, mpeni kila mtu nenosiri lake. Kumbukumbu ya mabadiliko ya bei iwashwe, ichapishwe kila wiki, na keshia aruhusiwe kuisoma. Na kama mlishamkata mtu, kisha ikaonekana ni mizani au orodha ya bei, rudisheni pesa yake yote mwisho wa mwezi huu huu.