Akiba Inayooza: Kliniki Ndogo na Maandalizi ya Janga la Mafua

Chukua katoni ya barakoa za N95, zile zinazobana uso na kuchuja chembe ndogo za hewani, iliyokaa stoo miaka saba, toa moja, uvute mkanda wake. Mara nyingi mpira utakuwa umekauka, na utakukatikia mkononi kabla haujafika kisogoni. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya kliniki inaoza. Dawa hupitwa na tarehe, spiriti ya kutakasa mikono hufifia chupa ikikaa wazi, na karatasi ya mpango wa dharura hubaki na namba za simu za watu walioacha kazi zamani.

Ndiyo maana kila bajeti inapopangwa ubishi ni ule ule. Mmoja anasema tutenge fedha za kujiandaa na janga la influenza, yaani mafua makali ya virusi, kwa sababu litakuja. Mwenzake anauliza: lini? Na wagonjwa wa leo je, walioko nje wanasubiri? Nimewasikiliza wote wawili kwa muda mrefu na sioni mpuuzi kati yao.

Anayetaka tujiandae ana historia upande wake. Katika muda wa miaka mia moja hivi, aina mpya za influenza zimeizunguka dunia mara nne: 1918, 1957, 1968 na 2009. Lile la 1918 linakadiriwa kuua watu wapatao milioni 50, wakiwemo vijana wengi wa miaka 20 hadi 40 ambao kwa kawaida mafua hayawaangushi. Majanga hayo hayana ratiba, lakini chanzo chake kinaeleweka. Jeni za kirusi cha influenza A zimegawanyika vipande vinane, na aina mbili zikikutana ndani ya kiumbe mmoja, nguruwe kwa mfano, huweza kubadilishana vipande na kuzaa aina ambayo miili yetu haijawahi kuiona. H5N1, homa ya ndege iliyowapata watu 18 Hong Kong mwaka 1997 na kuua sita kati yao, bado haienei kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu. Lakini mwaka 2024 iligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, na hakuna aliyekuwa akimtazamia ng'ombe.

Ana hoja nyingine, na kwa kliniki ndogo naiona kuwa nzito zaidi. Siku janga linapotangazwa, muda wa kununua umeshapita. Machi 2020, wakati wa COVID-19, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba bei ya barakoa za kawaida za hospitali ilikuwa imepanda mara sita na ya N95 mara tatu, huku mahitaji ya mwezi mmoja yakikadiriwa kufikia barakoa milioni 89. Katika foleni ya namna hiyo serikali na hospitali kubwa ndizo zinazotangulia. Kliniki yenye vyumba viwili husimama mkiani.

Sasa msikilize mwenzake. Februari 1976 askari mmoja kijana alifariki katika kambi ya Fort Dix, New Jersey, kwa influenza ya nguruwe iliyodhaniwa kuwa na undugu na ile ya 1918. Marekani ikaamua kuchanja taifa zima, na watu wapatao milioni 45 wakachanjwa. Janga halikuja. Kilichokuja ni ugonjwa wa Guillain-Barré, unaolegeza misuli hadi kupooza, kwa takribani mtu mmoja wa ziada katika kila waliochanjwa 100,000, na Desemba kampeni ikasimamishwa. Baadaye Uingereza ilitumia zaidi ya pauni milioni 400 kulimbikiza oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya influenza. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yakaonyesha kwamba kwa watu wazima dawa hiyo hupunguza muda wa dalili kwa chini ya siku moja, na hayakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba inapunguza wanaolazwa hospitalini.

Hoja hizi siwezi kuzipita juu juu. Fedha iliyolala ndani ya katoni haikumnunulia mtu dawa ya presha, na kliniki ndogo haina fedha ya kulaza. Ila mwenzetu huyu anapoongeza kwamba janga la 2009 lilikuwa jepesi, hapo namkatalia. Wajawazito walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi, na inakadiriwa kwamba takribani asilimia 80 ya waliokufa duniani walikuwa hawajafika miaka 65. Wepesi huo ulitegemea nani alikuwa anauguliwa.

Shida yangu na wote wawili ni kwamba wanabishania stoo. Janga haliingilii stoo. Linaingilia mlangoni, na kituo chake cha kwanza ni benchi la kusubiria.

Mwaka 1977 huko Alaska, ndege ya abiria iliyobeba watu 54 ilikwama uwanjani kwa muda wa saa tatu kwa hitilafu ya injini. Kwa sehemu kubwa ya muda huo mfumo wa kupitisha hewa ulikuwa umezimwa, na ndani alikuwemo abiria mmoja aliyekuwa akiumwa influenza. Ndani ya siku tatu asilimia 72 ya abiria wakawa wagonjwa. Sasa tazama benchi la kliniki asubuhi yenye watu wengi. Madirisha yamefungwa, feni inazungusha hewa ile ile. Mama amempakata mtoto mwenye homa anayekohoa. Bega kwa bega naye yupo mzee aliyekuja kupima presha tu, na pembeni ya mzee mjamzito wa miezi saba. Watakaa hapo dakika arobaini au saa nzima. Mtu mzima mwenye influenza huanza kuambukiza hata siku moja kabla hajajijua mgonjwa, kwa hiyo mwambukizaji anaweza kuwa hata huyo mzee asiyekohoa.

Katika hili dirisha lina nguvu kuliko tunavyolipa sifa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu hospitali nane za Lima, Peru, uliofanywa kwa sababu ya kifua kikuu, ulikuta kwamba vyumba vilipofunguliwa madirisha na milango hewa ilibadilika wastani wa mara 28 kwa saa, wakati vyumba vinavyopitishiwa hewa kwa mashine vilihesabiwa kwa kiwango cha mara 12. Najua dirisha wazi lina gharama yake: baridi, vumbi, mbu, na maneno ya mgonjwa kusikika nje. Wagonjwa wenyewe hulifunga. Lakini ni gharama inayolipika leo, na inamsaidia pia aliyekaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu ambaye hajagunduliwa.

Na barakoa? Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani katika kliniki za wagonjwa wa nje, ukiwalinganisha wahudumu waliopewa N95 na waliopewa barakoa za kawaida. Influenza iliyothibitishwa maabara ilikuwa asilimia 8.2 kwa kundi la kwanza na 7.2 kwa la pili, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Hii haisemi kwamba barakoa ni bure, kwa kuwa makundi yote mawili yalivaa. Wala haimsaidii anayemhudumia mgonjwa kwa nebulaiza, mashine ya kuvutisha dawa kama mvuke, ambaye bado ningetaka avae N95 iliyopimwa ikamkaa sawasawa usoni. Inachoniambia ni kwamba kliniki iliyomaliza fedha zake kwenye barakoa za bei, huku benchi lake limejaa na madirisha yamefungwa, imejilinda mahali pasipovuja.

Mtu ninayemwona wa maana kuliko wote katika maandalizi haya ni yule wa mapokezi, na ndiye ambaye mipango mingi humsahau. Yeye ndiye anayepokea simu, ndiye anayemwona mgonjwa kabla ya muuguzi. Akifundishwa kuuliza mapema kama mtu ana homa na kikohozi, kumpa barakoa na kumwelekeza mlango mwingine au saa nyingine, nusu ya kazi imefanyika. Wapo wanaoogopa utaratibu huu, na woga wao una msingi. Ukimwambia mgonjwa kwa simu “kaa nyumbani, ni mafua tu”, unaweza kuwa umemfungia mlango mwenye malaria au homa ya uti wa mgongo. Mgonjwa asiye na simu je? Mzee anayeishi peke yake?

Kwa hiyo anayekaa mapokezi apewe, pamoja na maswali, orodha ya dalili zinazovunja utaratibu wote na kumleta mgonjwa ndani mara moja: kupumua kwa shida, midomo kugeuka rangi ya bluu, kuchanganyikiwa, mtoto kukataa kunyonya. Na moja zaidi ambayo ningeiandika kwa wino mwekundu: homa iliyoshuka, mtu akadhani amepona, kisha ikarudi kwa nguvu pamoja na kikohozi. Uchunguzi wa mabaki ya waliokufa mwaka 1918 umeonyesha kwamba wengi wao walimaliziwa na nimonia ya bakteria iliyofuata baada ya virusi. Wakati huo antibiotiki hazikuwepo. Leo zipo, na kipima oksijeni cha kidoleni kinakuonyesha hatari ambayo jicho halijaiona. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu, ningeiweka hapo kabla ya kununua hata katoni moja ya oseltamivir, dawa ambayo ili ifae inatakiwa ianzwe ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

Akiba siikatai. Naitaka iwe ya vitu vinavyotumika kila siku, vya miezi miwili hivi, kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Glavu, sabuni na barakoa za kawaida hazitaoza kwa mtindo huo kwa sababu hazipati nafasi ya kuzeeka. N95 chache zitaoza, na hasara hiyo tuikubali.

Wagonjwa wasio na mafua nao wanahitaji kufikiriwa kabla. Mwenye kisukari anaweza kuandikiwa dawa za miezi mitatu ili asirudi benchini, ingawa kliniki zote zikifanya hivyo wiki moja, famasi zitabaki tupu. Bora waanze wachache, mapema, wale walio hatarini zaidi. Chanjo za watoto zisisimame hata kidogo, zipewe saa zake asubuhi kabla wenye kikohozi hawajafika.

Nimeliacha mwisho jambo linaloniumiza zaidi. Kliniki ina wahudumu sita. Wimbi likifika, wawili wataumwa, na shule zikifungwa mmoja atabaki nyumbani na watoto. Waliobaki ni watatu. Hapo ndipo anapoonekana mfanya usafi anayelipwa kwa siku. Ana homa tangu jana, na anajua asipokuja hali chakula na wanawe hawali. Atakuja. Atapangusa vitasa vya milango yote na benchi lote, akikohoa. Mwenye kliniki atasema hana uwezo wa kumlipa mtu asiyefanya kazi, hasa mwezi ambao wagonjwa wa kawaida wamekimbia na mapato yameshuka, na simwoni kuwa mwongo. Lakini mtu mzima mwenye influenza huambukiza kwa siku tano hadi saba tangu augue. Malipo ya siku saba za mfanya usafi ni hesabu ndogo kuliko muuguzi mmoja aliyeambukizwa naye. Bajeti ikibana hadi nilazimike kufuta mstari mmoja, nitafuta ule wa dawa za kulimbikiza, na mahali pake niandike siku hizo saba, kwa jina lake.